Kupima Habari kwa Lugha Gani? Tahakiki ya Wito wa Kufundisha Elimu ya Vyombo vya Habari katika Masomo Yote, kwa Kuangalia Shule za Ankoro

Utangulizi

Wito wa kuwafundisha watoto wa shule namna ya kuvisoma, kuvisikiliza na kuvipima vyombo vya habari si mpya. Mwaka 1982 wataalamu waliokutana Grünwald, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule, chini ya UNESCO, walitoa azimio la kuzitaka serikali ziufanye uelewa wa vyombo vya habari kuwa sehemu ya elimu. Mwaka 2011 UNESCO ikachapisha mtaala mzima kwa ajili ya walimu, na mwaka 2021 ikatoa toleo la pili. Shauri linalorudiwa katika maandishi ya aina hii ni kwamba elimu hiyo isifungiwe katika kipindi kimoja cha juma, bali ipenye katika masomo yote: lugha, historia, hesabu, sayansi na uraia.

Shauri hilo tunalikubali. Tunachokihoji ni dhana iliyojificha nyuma yake, yaani kwamba lugha ni chombo kitupu, na kwamba mwanafunzi aliyejifunza kupima habari kwa lugha moja atazipima vile vile zinapomfikia kwa lugha nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mahali kama Ankoro dhana hiyo haisimami, na kwamba sehemu kubwa ya kazi inawangoja walimu na wanafunzi wa Kiswahili, ambao hadi sasa wameiona kuwa kazi ya idara nyingine.

Ankoro ni mji mdogo ulio kwenye ukingo wa mto Lualaba, pale unapopokea maji ya Luvua, katika eneo la Manono, jimbo la Tanganyika. Jimbo lenyewe, ambalo makao yake makuu ni Kalemie, lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa. Lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kiluba. Kiswahili ni lugha ya soko, ya safari na ya redio. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya daftari la shule. Mwezi Novemba 2002 wanajeshi wa serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipambana mjini humo. Raia wengi wakauawa na nyumba nyingi zikateketezwa. Kuanzia mwaka 2013, na kwa ukali zaidi mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya wanamgambo wa Kiluba na wa Kitwa yakaenea katika sehemu kubwa za jimbo, vijiji na shule zikachomwa, na Februari 2017 mkutano wa kutafuta amani ukaitishwa Kalemie. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao vita hivyo vilianza sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Yeye na wazazi wake wameamua mara nyingi kulala nyumbani au kulala porini kwa kutegemea habari waliyoisikia jioni.

Jina la jambo lenyewe

Waingereza hulitaja jambo hili kwa neno la kujua kusoma na kuandika. Wafaransa hulitaja kwa neno la elimu au malezi. Katika Kiswahili istilahi kadhaa zinashindana, na hakuna iliyokwisha kukubaliwa. Kutafsiri moja kwa moja kutoka Kiingereza kungetupa “usomaji wa habari”, lakini msomaji wa habari tunamjua: ni yule aliyekaa studio mbele ya kipaza sauti. Istilahi hiyo ingemtaja mtangazaji badala ya msikilizaji. Sisi tutatumia “upimaji wa habari”, kwa kuwa kupima ni kitendo ambacho kila mtu wa sokoni anakijua, na ni kitendo kinachotoa jibu la kiasi: zaidi, pungufu, kadiri. Halitoi ndiyo na hapana peke yake.

Kwa hakika lugha yenyewe ilikwisha kupima kabla ya wataalamu kuja. Fununu ni habari iliyochungulia tu, bado haijajitokeza. Tetesi hunong’onwa. Uvumi umekwisha kuvuma kama upepo, na mwenyewe hajulikani. Uzushi una mwenyewe, kwa maana kuna mtu aliyeuzua, hata kama hatumwoni. Chuku ni habari yenye mbegu ya kweli iliyovimbishwa, kama ngozi inavyovimba chini ya pembe ya kuumikia. Hapa kuna maneno matano, na kila moja linajibu maswali mawili ambayo vitabu vya walimu huyaeleza kwa kurasa nyingi: habari imetoka kwa nani, na imesafiri umbali gani? Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina mchango wake pia. Uongo huitwa bongo, neno ambalo kwa mtu wa Dar es Salaam ni akili zake, au ni mji wake mwenyewe. Habari za mitaani huitwa redio trotwari, yaani redio ya kando ya barabara. Watanzania walikuwa na redio mbao yao.

Hata maamkizi yetu yana funzo. Anayeulizwa habari hujibu kwanza kwamba ni njema, na baada ya hapo ndipo hueleza kwamba kuna mgonjwa au msiba. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba habari ya kwanza si habari yote, na hakuna shule iliyomfundisha hivyo.

Sentensi moja na safari yake

Tuchukue sentensi ya Kifaransa ya aina inayosikika kila siku katika taarifa za habari. Mfano ni wetu wenyewe: Des hommes armés auraient attaqué le village. Umbo la kitenzi hapa ni la masharti, lakini hakuna sharti lolote linaloelezwa. Waandishi wa habari wa Kifaransa hulitumia umbo hili kuonyesha kwamba habari haijathibitishwa na kwamba wao wenyewe hawaidhamini. Alama ya shaka imefichwa katika silabi chache za kitenzi kisaidizi, na Mfaransa aliyesoma huisikia bila kufikiri.

Sasa habari hiyo inavuka kuingia katika Kiswahili. Anayeivusha anaweza kuwa mtangazaji aliyebanwa na saa, au mwalimu anayewaeleza majirani, au kijana mwenye simu. Akisema “watu wenye silaha wameshambulia kijiji”, ameitoa shaka yote njiani; kilichoondoka kama tetesi kimefika kama tukio. Akifuata umbo la Kifaransa neno kwa neno atasema “watu wenye silaha wangeshambulia kijiji”, na msikilizaji ataelewa kinyume kabisa, yaani kwamba hawakushambulia, kuna kitu kiliwazuia. Akisema “inasemekana kwamba watu wenye silaha wameshambulia kijiji”, ameihifadhi shaka. Hii ndiyo tafsiri ambayo wengi wetu tungeisahihisha kwa alama ya vema.

Lakini tusiharakishe kutoa vema hiyo. Kitenzi “inasemekana” kimeundwa kwa viambishi ambavyo havimpokei mtendaji. Tunaweza kusema “imesemwa na mkuu wa kijiji”. Hatuwezi kusema “inasemekana na mkuu wa kijiji”. Sarufi yenyewe imefunga mlango. Msikilizaji anaambiwa kwamba habari si ya hakika, na papo hapo ananyimwa nafasi ya kuuliza ni ya nani. Msemo wa “watu wasiojulikana”, uliotawala mazungumzo ya Watanzania hasa tangu mwaka 2017, umejengwa kwa viambishi hivyo hivyo, nao pia hausemi ni nani asiyewajua. Tafsiri iliyo bora ni ile inayokataa faraja ya umbo hili: “mvuvi mmoja aliyetoka upande ule amesema kwamba ameona moshi kijijini, lakini hatujampata mtu mwingine aliyeuona.” Sentensi hii ni ndefu, na redio haipendi sentensi ndefu. Hata hivyo imebeba shahidi, mahali alipokuwa, kitu alichokiona kwa macho, yaani moshi wala si watu wenye silaha, na mpaka wa ujuzi wa anayesimulia.

Mambo ya hesabu hupotea kwa njia iyo hiyo. Kifaransa husema une dizaine de morts, na maana yake ni watu wapatao kumi, pengine wanane, pengine kumi na wawili. Kiswahili cha haraka husema “watu kumi wamekufa”. Makadirio yamegeuka hesabu kamili, na hesabu kamili ina heshima: anayeisikia hudhani kuna mtu aliyehesabu maiti. Kisha redio nyingine ikitaja wanane, msikilizaji huamua kwamba mojawapo inadanganya, na kwa kawaida ataamini ile inayompendeza.

Lipo pia neno “kama”. Katika Kiswahili cha Kongo, “alisema kama watu wanakuja” ni sawa na “alisema kwamba watu wanakuja”. Sikio la pwani hulisikia neno hilo kuwa la sharti, la mfano au la ukadiriaji. Hatusemi kwamba Kiswahili cha Kongo kina upungufu, kwani wanaokizungumza hawakosi kuelewana. Tunasema kwamba mwalimu wa Ankoro akikabidhiwa kitabu cha Kiswahili sanifu kilichoandikwa Nairobi au Dar es Salaam, mazoezi ya kutofautisha hakika na shaka yatamponyoka mahali ambapo mwandishi wa kitabu hakuona tatizo.

Kuna neno moja dogo ambalo lingefaa kuanza nalo, nalo ni “eti”, au “ati”. Msemaji anayelitumia anasimama kando ya habari na kumwachia mwenyewe mzigo wake. Mtoto wa miaka sita analitumia barabara. Anapofika darasa la kuandika insha, mwalimu hulikata kwa wino mwekundu kwa kuwa ni neno la mitaani. Tumekuwa tukiifuta zana ya kwanza ya upimaji wa habari kwa jina la usanifu.

Jaribio la Uganda, na gharama ya shaka

Ushahidi thabiti kuliko wote tulio nao katika Afrika Mashariki unatoka Uganda. Mwaka 2016 watafiti waligawa shule za msingi 120 katika makundi mawili kwa kura. Wanafunzi zaidi ya 10,000 wa darasa la tano walishiriki. Katika kundi moja walimu walifundisha vipindi 9, kila kimoja cha dakika 80, kwa kitabu chenye hadithi ya picha, wakiwaonyesha watoto namna ya kuyapima madai kuhusu dawa na matibabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliofikia kiwango cha kufaulu walikuwa asilimia 69 katika kundi lililofundishwa, na asilimia 27 katika lile lisilofundishwa. Shule hizo zilikuwa za kawaida, zenye madarasa yaliyojaa. Anayesema kwamba watoto wa umri huo hawawezi kuuliza “umejuaje?” amekwisha kujibiwa.

Hata hivyo hatuwezi kulihamisha jaribio hilo hadi kwenye kingo za Lualaba lilivyo. Madai yaliyotumika yalihusu matibabu, na dai la matibabu lina subira: kama dawa fulani inaponya au haiponyi, jambo hilo linaweza kungoja kulinganishwa. Dai la kwamba “wanakuja usiku huu” halingoji. Anayeliamini bure hupoteza usingizi, na labda mbuzi mmoja. Anayelishuku bure anaweza kupoteza watoto wake. Katika hali hiyo mtu anayekimbia kwa kusikia tetesi si mjinga, wala hahitaji mtaalamu wa kumfundisha shaka. Amepima gharama za pande mbili na kuchagua ile anayoweza kuilipa.

Kwa maoni yetu hapa ndipo mitaala mingi ya upimaji wa habari inapoteleza. Inamfikiria msomaji aliyeketi, mwenye nafasi ya kutafuta chanzo cha pili, na lengo lake ni kumfanya asiamini upesi. Ankoro inahitaji kitu kingine: kutenganisha kutenda na kusambaza. Mama ana haki ya kuondoka na wanawe kwa fununu tu. Anapofika kijiji cha pili na kuulizwa habari, analo jukumu la kusema ni fununu, na kutaja aliyempa. Kati ya “nimekimbia kwa sababu jirani alisema amesikia risasi” na “Batwa wameshambulia” pana umbali ambao mtu mwingine anaweza kuuawa ndani yake. Kauli ya kwanza inaruhusu tahadhari. Ya pili inadai kisasi. Wala hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyoleta vita vya Tanganyika, ambavyo vina mizizi katika ardhi, ushuru na dharau ya miaka mingi dhidi ya Batwa. Tunasema kwamba habari zinaposafiri bila majina ya waliozitoa, kila anayezipokea huzijaza jina la adui wake.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kutoamini kwenyewe si dawa. Septemba 2018, wakati wa mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Robo yao hivi hawakuamini kwamba ugonjwa huo ulikuwapo. Watu hao hawakukosa shaka; walikuwa nayo tele, na ilielekezwa kwa kila sauti iliyotoka serikalini. Wale wenye imani ndogo kwa wenye mamlaka ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Kuwafundisha watu kama hao “msiamini kila mnachosikia” ni kumwagia maji mtu aliyekwisha kuloa.

Urithi tulionao

Kiswahili kina historia ndefu ya kufundisha umma kwa redio, na historia hiyo inatubana. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 nchini Tanzania iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Walisikia kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hatuna haja ya kuidharau. Lakini mjadala ulihusu namna ya kutekeleza. Ukweli wa yaliyosemwa haukuwekwa mezani. Msikilizaji mwema alikuwa mtekelezaji mwema. Upande wa Kongo mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani Kiswahili kilienezwa Katanga kikiwa pia lugha ya amri kazini, jambo ambalo Johannes Fabian alilichunguza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1986. Lugha iliyozoea kushuka kutoka juu inahitaji mazoezi ili itumike kuuliza swali kutoka chini.

Mazoezi hayo yana malighafi. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990. Mwandishi anausimulia mji kutoka jikoni na uani kwa mabwana, na hafichi kwamba anawasemea watu wa kazi ile. Katika kipindi cha historia maandishi hayo yakiwekwa kando ya ukurasa wa kitabu cha shule, mwanafunzi huona mara moja kwamba ukurasa wa kitabu nao una uani wake. Tungependa kuona dondoo zake zikiandaliwa kwa ajili ya shule za Tanganyika, jambo ambalo idara za Kiswahili zina uwezo nalo kuliko wizara yoyote.

Shule ilivyo

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika shule ya msingi. Kwa desturi nafasi hiyo huishia katika madarasa ya kwanza, kisha Kifaransa hushika hatamu. Yaani mtoto huachishwa kusoma kwa Kiswahili kabla tu ya kufikia umri ambao watoto wa Uganda walionyesha kwamba wanaweza kuyapima madai. Akifundishwa upimaji baada ya hapo, atafundishwa kwa Kifaransa, kwa mifano ya magazeti ya Kifaransa, ilhali Radio Okapi, inayotangaza kwa lugha tano tangu mwaka 2002, inaendelea kumjia nyumbani kwa Kiswahili, na redio trotwari kwa Kiswahili na Kiluba.

Mtihani nao una neno lake. Mtihani wa Taifa wa mwisho wa sekondari hutegemea sana maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Mwalimu anayewapenda wanafunzi wake huwazoeza kulitambua jibu lililokwisha kuandikwa, na hatuwezi kumlaumu. Tangu serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, madarasa yamefurika. Anayemtaka mwalimu huyo aongeze somo jipya anaongea na hewa. Hii ndiyo hoja ya kweli ya kuupenyeza upimaji katika masomo yaliyopo. Mwalimu wa Kifaransa anafundisha umbo la masharti kwa vyovyote vile. Ataongeza matumizi yake ya magazetini na kuwauliza wanafunzi waivushe sentensi hiyo katika Kiswahili bila kuimwaga shaka. Mwalimu wa hesabu anafundisha ukadiriaji. Wa Kiswahili anafundisha kauli za vitenzi. Hakuna kinachoongezwa katika ratiba.

Linabaki swali la mifano, na hapa mwanaisimu hana budi kumsikiliza mwalimu. Katika darasa la Ankoro sentensi yetu ya watu wenye silaha si mfano. Huenda mwanafunzi wa dawati la mbele alimpoteza baba yake katika habari ya namna hiyo, na wa dawati la nyuma anatoka katika jamii iliyotajwa ndani yake. Mwalimu mwenye busara ataanza na mashua. Inasemekana mashua ya mizigo itafika kesho kutwa: nani amesema, alikuwa wapi, aliiona au aliambiwa, na bei ya chumvi sokoni imekwisha kushuka kwa sababu ya maneno hayo? Mashua itafika au haitafika, na siku ya tatu darasa zima litajua ni maneno ya nani yaliyosimama.